Umoja, jumuiya na shirika: je, ni kitu kimoja?

Mwalimu wa Uraia wa shule moja ya sekondari mjini Moshi ameniandikia hivi: "Naandaa somo la kulinganisha vyombo vya kimataifa vinavyotafuta amani na ushirikiano. Mwanafunzi wangu ameandika: 'Shirika la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afrika Mashariki wamekutana Arusha kukuza ushirika.' Naona kuna kasoro, ila nashindwa kuieleza. Je, umoja, jumuiya na shirika yana tofauti, au ni mazoea tu?"

Tofauti ipo, mwalimu, na hapo Moshi mnaishi nayo kila wiki. Jirani akikwambia, "Kesho jumuiya ni kwetu," unaelewa mara moja: kaya za mtaa zitakusanyika sebuleni kwake, zisali, zichangie mgonjwa, kisha kila mmoja arudi nyumbani kwake. Jumuiya ni watu waliokusanyika bila kuacha kuwa na nyumba zao. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa pia jamii, jamaa na Ijumaa, siku ya kukusanyika. Kwa hiyo jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki linaikaa vizuri. Ni majirani, leo nchi nane, na kila moja ina bendera na rais wake. Waliwahi kufarakana, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, wakarudiana kwa mkataba uliosainiwa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999.

Umoja unatokana na moja, na unadai zaidi. Ndani ya Jumuiya hiyohiyo kuna Umoja wa Forodha, ulioanza mwaka 2005: bidhaa inayotoka nje ya ukanda inapangiwa ushuru wa pamoja, iingilie Mombasa au Dar es Salaam. Hapo umoja ni wa kweli, maana kitu kilichokuwa vingi kimefanywa kimoja. Ulaya nako jina lilifuata fundo lilipokazwa: tuliyoizoea kama Jumuiya ya Ulaya, tangu mwaka 1993 tunaiita Umoja wa Ulaya. Lakini usiwafundishe watoto kwamba kila penye jina la umoja pana kitu kimoja. Umoja wa Mataifa ulianza mwaka 1945 na nchi 51, sasa ni 193, na baadhi yao zinapigana. Pale neno linataja lengo.

Baadhi ya magazeti ya Kenya huandika Muungano wa Afrika. Si kosa kwao. Ila kwa Mtanzania, muungano ni ule wa 1964: nchi mbili zikawa dola moja. Mwanafunzi wako ataelewa visivyo, kwa hiyo shika Umoja wa Afrika.

Shirika ni chombo cha kazi maalumu. Shirika la Afya Duniani lina kazi ya afya, Shirika la Chakula na Kilimo lina ya kwake, na yote mawili yako chini ya paa la Umoja wa Mataifa. Ndiyo maana ukiandika "shirika la Umoja wa Mataifa" msomaji anauliza: lipi? La watoto? La wakimbizi? Na Shirika la Afrika Mashariki halipo.

Sasa ushirika, ambao nadhani ndio uliokusumbua zaidi. Mtoto wa Kilimanjaro akilisikia neno hili anaona kahawa: wakulima wanaokusanya mavuno yao wayauze pamoja, kama walivyofanya kupitia KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, tangu mwaka 1933. Mjini kwenu kuna chuo kikuu kizima cha ushirika. Ushirika ni kumiliki na kuendesha jambo kwa pamoja. Ushirikiano umebeba ile -an- ya kutendana: mimi nakupa, wewe unanipa, kila mmoja kwa upande wake. Nchi hushirikiana, na zinachokuza ni ushirikiano.

Imebaki "wamekutana". Hili nalisikia hata redioni, na linaniuma: "Umoja wa Mataifa imesema". Hapana. Umoja umesema, jumuiya imesema, shirika limesema. Ukitumia kifupisho, "UN imesema" ni sawa, kwa sababu vifupisho vya kigeni tunaviweka kwenye ngeli ya I-ZI. Nchi wanachama nazo zimekubaliana. Anayetawala kitenzi ni nchi, si wanachama.

Ukiweza, walete watoto Arusha wayaone majina haya yakifanya kazi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ni ya Umoja wa Afrika. Mahakama ya Afrika Mashariki ni ya Jumuiya, na mkazi wa nchi mwanachama anaweza kuifungulia kesi serikali yake mwenyewe humo. Ile iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwaka 2015, iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mahakama tatu, mji mmoja, na waliozianzisha ni watatu tofauti.

Vyombo vyenyewe havitembei. Wanaokutana ni watu wao. Kwa hiyo ningemwandikia mwanafunzi wako pembeni mwa daftari, kwa wino mwekundu: "Wajumbe wa Umoja wa Mataifa na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamekutana Arusha kukuza ushirikiano."