Uani kwa Mama Mifugo: "Nilichanja, mbona wamekufa?"

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nusu yake zinalia kilio kimoja: kideri, au mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaofagia kuku. Nimechukua tano. Ya Chanika nimeijibu kwa urefu, kwani yaliyomkuta mwenzetu yanawakuta wengi, wengine wakaishia kuuza banda kwa hasira.

*Shikamoo Mama. Nilikuwa na kuku sitini, kienyeji na machotara. Jumamosi nilikwenda Kariakoo kuchukua mzigo wa duka langu, nikapitia chanjo ya kideri asubuhi, nikarudi nayo jioni. Jumapili nikawawekea kwenye maji ya kunywa. Alhamisi wakaanza kujikunyata, kinyesi cha kijani, wengine shingo zikapinda. Wamebaki tisa. Jirani hakuchanja na kuku wake wazima. Je, chanjo ndiyo iliyowaua? Halafu wiki ileile nilikuwa nimeongeza majogoo wawili wa sokoni. – Mama Wawili, Chanika*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hapana, chanjo haikuua. Kwa dalili ulizotaja, hiki ni kideri chenyewe, na sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama nyongeza tu, ndiyo iliyonishtua. Wale majogoo!

Kuku aliyeambukizwa anaweza kukaa siku mbili mpaka wiki mbili haonyeshi kitu, mara nyingi siku tano au sita. Chanjo nayo si kizima moto: mwili wa kuku unahitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Kwa hiyo Jumapili unamimina chanjo, huenda virusi vilishaingia bandani. Jogoo wa sokoni amesafiri kwenye tenga na wenzake wa kutoka kila kona, wamekunywa kopo moja, wamenyeana. Hata awe mnene na anawika vipi, akifika kwako afungwe peke yake wiki mbili, mbali na wenyeji, awe na chombo chake cha maji, na umhudumie baada ya kuhudumia wengine, si kabla. Jirani yako hakuwa mjanja, hakuleta mgeni tu.

La pili ni safari ya hiyo chanjo. Umeinunua asubuhi, umezunguka nayo Kariakoo kutwa, kisha daladala na foleni ya Gongo la Mboto, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi. Kama ni LaSota, ile ya kideri ya kutia kwenye maji, ni chanjo hai, yaani ina virusi hai visivyo vikali, na inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikishapata moto kwenye mkoba inabaki kuwa maji ya rangi tu. Ukienda mjini, chanjo iwe kitu cha mwisho kununua, na ubebe chupa ya chai yenye barafu. Tena mtazame muuzaji anaitoa wapi. Akiivuta kwenye kabati la kioo badala ya friji, mwachie.

Kwa mtu wa Chanika ningeshauri chanjo nyingine ya kideri, I-2, ile inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inastahimili joto kuliko LaSota, unaweka tone moja jichoni, na dozi ni hiyohiyo kwa kifaranga na kwa jogoo. Ukitia jichoni una hakika kila mmoja kapata. Kustahimili joto, lakini, si ruhusa ya kuianika kwenye dashibodi ya gari. Na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, usiitegemee akili.

La tatu, maji. Hukusema ulitumia ya bomba au ya kisima. Ya bomba yana klorini, na klorini inaua chanjo hai kama inavyoua vijidudu vingine. Yakinge kwenye ndoo wazi yalale usiku kucha, au koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kijiko kidogo cha chai kwa lita moja, uyaache dakika chache ndipo utie chanjo. Vyombo visugue kwa maji matupu, bila sabuni wala dawa ya kuua vijidudu. Wanyime maji kwa muda wa saa moja au mbili alfajiri ili wawe na kiu, kisha wape kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili, vyombo viwe vingi, maana jogoo mbabe akikalia kimoja wanyonge hawapati tone.

Sasa hao tisa. Usiwauze na usigawe, wanaweza kuwa wanatoa virusi ingawa wamechangamka. Waliokufa fukia shimo refu na chokaa juu. Usitupe bondeni, mbwa watawasambaza mtaa mzima. Toa maranda yote, osha banda, piga dawa, na usiingize mgeni yeyote mpaka wiki tatu zipite tangu kifo cha mwisho. Siku nyingine wakianza kufa, mzoga mbichi utie kwenye mfuko na barafu upeleke maabara pale Temeke Veterinari. Kujua kwa hakika kunagharimu kidogo kuliko kubahatisha dawa.

*Mambo Mama. Mimi ni bodaboda, naishi Kivule, nina eneo la kutosha na mtaji kidogo. Kuna anayeniambia Kuroiler, mwingine Sasso, mwingine anasema Kuchi ndiyo hela. Mbegu ipi bora? – Kijana wa Kivule*

Salamu ya "mambo" kwa bibi wa rika langu! Haya, poa.

Umeniuliza mbegu, nami nakuuliza: mchana nani yupo nyumbani? Ukijibu "hakuna", basi kuku wa nyama na wa mayai wa kisasa tuwafute kwanza. Wa nyama anataka mtu wa kumtazama joto, maji na chakula mpaka wiki ya tano au ya sita. Wa mayai, kama Isa Brown, hutaga karibu mayai 300 kwa mwaka, lakini anakula kama gramu 120 kila siku, atage asitage. Mia moja wanamaliza mfuko wa kilo 50 kwa siku nne, na kabla ya yai la kwanza kila mmoja ameshakula kilo 6 au 7. Hapo ndipo mitaji ya vijana inapokatikia, kuku wakiwa na wiki kumi na tano na mfukoni hamna kitu.

Kuroiler alitoka India, Sasso ni wa Ufaransa. Wote ni machotara, wanachakura uani, wanakua haraka kuliko kienyeji wetu na wanataga zaidi, na kati yao sioni tofauti ya kugombania. Chagua yule ambaye vifaranga vyake vinatoka kwa mtotoleshaji anayejulikana, aliyevichanja mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, siku ya kwanza. Kifaranga mzima ana kitovu kilichokauka, macho maangavu, miguu inayong'aa, na ukimlaza chali anainuka upesi. Ila ujue mambo mawili. Haatamii kwa kutegemewa, na ukitotolesha mayai yake mwenyewe, watoto hawawi kama wazazi. Kila kundi utanunua upya. Na ukiambiwa "huyu Malawi", uliza wazazi wake walikuwa kuku gani. Mjini hapa kila chotara mweusi anabatizwa Malawi.

Kuchi ni kuku wa fahari: mrefu, shingo kama ya mbuni, na wanunuzi wake ni watu wa mapenzi. Hutaga machache na majogoo yanauana. Si kuku wa kuanzia.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na chotara hamsini na mitetea mitano ya kienyeji wa kawaida. Kienyeji ndiye atakayekuatamia na kukulelea bila jiko la mkaa, na ukikosa hela ya chakula wiki moja, hatakufia.

*Mama, vifaranga vyangu mia na hamsini vina wiki ya nne, vinaharisha damu. Nimewapa OTC siku tatu, nikabadili nikawapa nyingine ya mafua, bado vinakufa. – Mfugaji, Goba*

Acha kubadilisha dawa kama shati. Damu kwenye kinyesi katika umri huo mara nyingi ni koksidia, vimelea vya utumbo, na OTC, ambayo ni antibiotiki ya bakteria, haiiwezi. Tafuta dawa yenye amprolium, uipe kwenye maji kwa siku na kipimo kilichoandikwa, usikatize ukiona wamepona.

Lakini hata dawa hiyo haitakufaa kama hukutazama chini. Chukua maranda ya pembeni mwa chombo cha maji, yafumbate, kisha fungua kiganja. Yakibaki bonge, hapo ndipo ugonjwa unapopikwa. Unyevu na joto la Dar, hasa masika, ndivyo vinavyokomaza mayai ya koksidia. Toa mabichi, mimina makavu, inua chombo kwenye matofali kilingane na mgongo wa kifaranga asimwage. Mafundi wa Keko wana maranda tele, ila chagua yasiyo na vumbi la msumeno.

Ukiona kinyesi ni cheupe cha majimaji na vifaranga vimelala kifudifudi vimevimba manyoya, huenda ni Gumboro. Hiyo haina dawa, ina chanjo tu, siku ya 14 na ya 28. Na wale uliowajaza OTC, usiuze nyama yao wala kuila kabla siku zilizoandikwa kwenye pakiti hazijaisha.

*Mwanangu, sisi zamani tulitibu mdondo kwa shubiri na pilipili. Mbona hamuandiki? – Mzee, Mbagala*

Shikamoo baba. Sikuandika kwa kuwa sijaona virusi vilivyoondoka kwa shubiri. Kila mlipuko huacha wachache hai, nao ndio tunaosema walipona kwa dawa. Shubiri ikizidi, maji yanakuwa machungu na kuku anakunywa kidogo kwenye jua hili. Pilipili yeye haisikii kabisa, ndege hawahisi ukali wake. Unawashwa wewe uliyeitwanga.

Kama tatizo ni bei, chupa moja ya chanjo inatosha kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekwi. Changeni nyumba nne au tano hapo mtaani, mchanje asubuhi moja wote. Baba, wewe ndiye wa kuwaita, wakikuona wewe watakuja.

*Tetea wangu anakula mayai. Nifanyeje? – Tabata Segerea*

Muongezee chokaa ya kulishia mifugo au magamba ya konokono ya baharini yaliyopondwa, huenda anatafuta madini. Viota viwe na kiza, kimoja kwa mitetea minne au mitano, na okota mayai mara tatu kwa siku, kwa kuwa yote huanza na yai lililopasuka. Mchunguze ni nani hasa, mwenye ute mkavu mdomoni. Wiki mbili zikipita hajaacha, na ukiona wenzake wameanza kumwiga, huyo ni wa Jumapili na wali.