Kokeshi wa Naruko Akilia, Mwache Alie

Juzi dada mmoja msomaji wangu, anayeishi Osaka, aliniletea ujumbe kuhusu kokeshi, mwanasesere wa mti wa Kijapani: “Kaka, nimepata kokeshi wa Naruko mnadani. Kila nikimzungusha kichwa analia kwii, kwii. Nimpake mafuta gani anyamaze?”

Moyo ulinipasuka. Nilimjibu chai hata sijaimaliza: usimpake chochote!

Sote tuliowapenda wanasesere hawa tunaota siku moja rafu ijae, kila mtindo uwe na wake: wa Togatta mwenye kichwa kikubwa na michirizi myekundu utosini, wa Tsuchiyu mwenye miduara kichwani, wa Tsugaru aliyetoka kwenye kipande kimoja cha mti. Wote ni watoto wa Tohoku, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, ambako wakereza mbao wa mwishoni mwa enzi ya Edo, katika karne ya kumi na tisa, waliwauza kwa wakulima waliokuja kupumzisha mwili kwenye chemchemi za maji moto. Hawana mikono wala miguu. Wa Naruko, mkoani Miyagi, ana sauti.

Na sauti ile si kasoro. Nilipanda treni kutoka Sendai, nikabadilisha Furukawa, nikashinda karakanani kwa fundi mmoja mzee. Kiwiliwili kilikuwa kinazunguka kwenye kerezo, juu kina tundu. Kichwa, chenye kishina chini yake kinene kuliko tundu lenyewe, fundi alikishika kwa mikono miwili akakisukumiza ndani huku kiwiliwili kikizunguka. Msuguano ukapasha mti moto, kishina kikazama, kerezo likasimama. Mti ulipopoa, kichwa hakikuweza kutoka tena, ila kuzunguka kinazunguka, na kikizunguka kinalia. Gundi hakuna. Kisha akachukua brashi, akamchora tumboni ua la kiku, yaani krisanthemamu, petali moja kwa mpigo mmoja, bila kurudia. Nilisahau hata kupiga picha.

Laiti ningaliyajua hayo mapema. Mwaka wangu wa pili Sendai, bibi mwenye nyumba yangu alinipa kokeshi wa Naruko aliyekuwa nyumbani kwake tangu ujana wake. Nilimweka dirishani, mahali pa heshima, ili kila anayeingia amwone. Jua likamla. Wekundu wa maua ukafifia upande mmoja, ukawa kama chai ya maziwa. Nilipoona pia ana vumbi, nikachukua kitambaa chenye maji na sabuni. Rangi ile ni ya kuyeyuka kwa maji, na mti wa mizuki ni mweupe, hauna pa kuficha doa. Wekundu ulitiririka tumboni hadi kwenye majani ya kijani, mbele ya macho yangu.

Bibi alipokuja kudai kodi alimwona. Alimchukua, akamzungusha kichwa, kikalia vilevile, akamrudisha mezani. Hakusema neno. Mpaka leo ukimya ule unaniuma.

Kwa hiyo nawaambia ndugu zangu: weka mbali na jua. Weka mbali na maji. Vumbi linatoka kwa kitambaa kikavu laini, basi. Kitambaa kikavu, narudia. Tumezoea kuona kitu cha zamani na kukimbilia kukisugua, kukipaka, kukifanya king’ae, kana kwamba aliyekitengeneza hakujua kazi yake. Jifunze kwanza ndipo uguse! Nenda Naruko, kuna Makumbusho ya Kokeshi ya Japani yaliyofunguliwa 1975, na mwanzoni mwa Septemba kuna tamasha lao. Tazama mabega yalivyoinuka, kiuno kilivyobonyea, mistari iliyochorwa juu na chini ya kiwiliwili. Mwezi uliopita nilimtambua mmoja kwenye duka la mitumba akiwa kasimama kisogo, nikajua ni wa Naruko kabla sijamshika. Jicho hilo halikuja bure.

Dada, huyo wako mweke kwenye rafu ya ukuta usiopigwa na jua. Mzungushe kichwa taratibu, mara moja moja, umsikilize. Halafu mgeuze juu chini: mafundi wengi hutia saini kwenye kitako. Ukiiona, ipige picha unitumie leo hii.