Muulize Somo: Nimealikwa kwa kadi harusi ya mtoto wa dada yangu

SWALI

Shikamoo Bi Somo. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, nakaa Bombolulu. Dada yangu wa tumbo moja hatusemezani, huu mwaka wa pili sasa, na Ijumaa ya wiki ijayo anaoza binti yake wa kwanza. Sijui niende au nikae kwangu.

Mama alituacha watatu: kaka yetu aliyeko Dammam, dada, na mimi kitinda mimba. Baba alitangulia zamani. Mama aliacha nyumba ya Kiswahili huko Majengo, vyumba sita, nyumba yetu lakini ardhi ya mtu. Kila mwezi mwenye ardhi hupelekewa chake. Dada anakaa vyumba viwili na mumewe na watoto. Vinne vina wapangaji, kila kimoja shilingi 3,500. Tangu mama afariki sijaonja hata shilingi mia.

Mama alipatwa na kiharusi akawa wa kitandani miaka minne. Wakati huo mimi nilikuwa Nairobi na mume wangu. Kila mwezi nilituma 3,000 kwa M-Pesa, sikuruka hata mwezi mmoja, na kila Idi nikiteremka. Kwa hivyo asiseme mtu kwamba sikumtazama mamangu.

Siku ya arubaini, wageni wameshakula, nikauliza mbele ya mjomba: hesabu ya kodi iko wapi? Dada akanitazama, akanijibu, "Na hesabu ya vitambaa vya mama mbona huulizi?" Ukumbi mzima kimya. Nikachukua buibui langu nikatoka.

Mwezi uliopita tulikutana kwenye hitima ya jirani. Alikuwa amejifunga leso ya "Wema hauozi", tena leso yenyewe imepauka, maandishi mpaka uyasogelee, pindo limefumuka. Nilijua ananipiga kijembe, na waliokuwapo walielewa.

Sasa juzi kijana wa tuktuk kaniletea kadi. Kadi, Bi Somo! Jina langu "na Familia", kama mfanyakazi mwenzake wa ofisini. Bibi harusi mwenyewe alinipigia simu usiku analia: "Mama mdogo, usipokuwapo wewe siku ya kupamba, nani atanikalisha?" Mume wangu asema nisiende kudhalilishwa. Moyo wataka kwenda, na haki yangu naitaka pia. Nifanyeje?

Mdogo Mtu, Bombolulu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa jikoni, maana kuna kitu kilikuwa kikinikera nisikijue. Ni ile leso.

Mimi nimezaliwa Kibokoni, nimekulia katikati ya wanawake waliosemana kwa leso miaka na miaka, na wengine walizikwa bila kumaliza maneno. Mwanamke wa Mombasa akitaka kukupiga kijembe haendi sandukuni kutafuta leso iliyopauka. Huenda Biashara Street, akazunguka duka baada ya duka mpaka apate jina litakalokuchoma, akanunua doti mpya, akaipinda. Siku yenyewe hujifunga jina likakaa nyuma sawasawa, kisha akapita mbele yako, taratibu, na kama hukusoma atasahau kitu arudi apite tena. Hicho ndicho kijembe. Leso ambayo jina lake halisomeki mpaka usogee haimsemi mtu. Hiyo ni leso ya kulalia, iliyofuliwa karibu kila siku, na asiyekuwa na sababu haendi nayo hitimani mbele za watu.

Sikuwapo, kwa hivyo siapi. Lakini mtu akiniuliza, ningesema leso ile ilikuwa ya mama yenu. Wewe uliyelelewa nyumba ile hukuitambua?

Sasa turudi kwenye vitambaa, maana umeviandika kwa mstari mmoja ukapita mbio. Mgonjwa wa kiharusi asiyejiweza hufundishwa watu wake wamgeuze kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo mgongo na makalio hufanya vidonda. Miaka minne ni siku 1,460. Pesa ulizotuma nimekupigia hesabu: 3,000 kwa miezi 48 ni shilingi 144,000, na kila moja ina ujumbe wake kwenye simu, tarehe na saa. Dada yako aliyeamka saa nane za usiku kumgeuza mama na kumbadilisha kitambaa hakuletewa ujumbe wa "imethibitishwa". Hana cha kumwonyesha mjomba. Ndiyo maana ulipomuuliza hesabu mbele ya wageni, alikutajia hesabu ya kitu kisichohesabika. Pesa zako zilikuwa za haki na zilisaidia, sikunyang'anyi hilo. Ila soma tena ile sentensi yako, "asiseme mtu kwamba sikumtazama". Kwa barua yako, hakuna aliyesema. Nani ulikuwa unamjibu?

Usidhani nimehamia upande wake. Kodi haikuwa yake kula peke yake, na kadi ile hata mimi imenichoma. Mama mdogo haalikwi. Mama mdogo ndiye anayealika, anayezunguka nyumba kwa nyumba na kunywa chai mpaka tumbo lijae. Kakutendea vibaya, na naamini alijua.

Haki yako basi, tuitazame kwa shilingi. Kwa kuwa warithi ni nyinyi watatu tu, sheria ya Kiislamu humpa mwanamume mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja. Mafungu ni manne: kaka yenu nusu, nyinyi robo robo. Robo ya vyumba sita ni chumba kimoja na nusu. Kwa bei ya wapangaji wenu ni shilingi 5,250 kwa mwezi. Kwa miezi 24 ni 126,000, kabla hujatoa chako katika kodi ya ardhi, mabati yaliyobadilishwa na choo kilichozibuliwa, ambavyo naona hukuviuliza kavilipa nani. Na gharama za mazishi na madeni ya marehemu hutangulia urithi. Kilichobaki ni chako, na si kidogo. Kwamba dada aliuguza, fungu lake haliongezeki kisheria. Kwamba wewe hukuuguza, lako halipungui. Lakini mtu akishalijua fungu lake hakatazwi kusamehe kipande, na hilo ni juu yako wewe, hakuna wa kukulazimisha.

Hesabu hiyo haipigwi ukumbini siku ya arubaini. Ina mahali pake. Mahakama ya Kadhi imetajwa katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170, na urithi wa Waislamu ni moja ya kazi zake, wahusika wakikubali kwenda huko. Watu wengi Mombasa huona kwenda kwa Kadhi ni kushtakiana. Mimi naona ugomvi hutuama zaidi pale kila mtu anapobaki na hesabu yake kichwani. Kabla ya huko anzeni kwa mjomba, faragha, na kaka yenu awe kwenye simu. Huyo kaka nawe umemtaja kwa maneno manne ukamwacha! Nusu ya nyumba ni yake, miaka miwili hasemi kitu, na dada zake wawili ndio wanaokula nyama zao.

Ulizeni pia risiti za kodi ya ardhi siku hizi zinaandikwa jina la nani. Hili ni la haraka kuliko hata kodi ya vyumba. Nyumba ya juu ya ardhi ya mtu, mnachorithi ni kuta na mabati, na karatasi pekee mliyonayo mbele ya mwenye ardhi ni zile risiti. Zikikaa jina la mtu mmoja miaka kumi, watoto watakaokuja watakula yamini kwamba nyumba ilikuwa yake.

Haya yote lakini ni baada ya harusi. Usiyafungue mpaka fungate iishe. Siku saba hazitaiba nyumba.

Na harusini nenda. Ila usiende Ijumaa na kadi mkononi kama mgeni, ukakaa kiti cha nyuma ukisubiri mtu akudharau ili urudi umwambie mumeo kwamba alisema kweli. Nenda Jumatano, wakati wanawake wanachagua mchele na kumenya vitunguu vya biriani. Chukua kisu chako, kile unachokiamini, kwa sababu visu vya shughuli siku zote ni butu. Usimtafute dada chumbani mkae muanze kusafishana roho, hapo mtapigana. Mkute katikati ya watu na makarai, umwambie, "Dada, nipe kazi." Basi. Akikuelekeza kwenye vitunguu, kaa menya. Pale kila mtu anatoka machozi na hakuna anayeuliza sababu.

Mimi na ndugu yangu wa kiume tulinuniana miaka sita kwa ajili ya mlango wa kuchongwa aliouza bila kuniuliza. Siku tuliposemezana, neno la kwanza lilikuwa bei ya pweza. Habari ya mlango ilikuja miezi mingi baadaye, na mpaka leo naona alikosea.

Mume wako mwambie hivi, kwa adabu: anayeolewa ni mtoto aliyekulilia usiku, na hakuna aliyekukosea katika nyumba ile aliye mdogo kuliko wewe. Huyo mtoto mpelekee kisutu, kipya, na siku ya kupamba mkalishe wewe mwenyewe.

Mkishamenya, mikono inanuka vitunguu saumu na chai imeletwa, muulize dada yako taratibu ile leso ya "Wema hauozi" kaitoa wapi.