Uso umekonda, mapaja yamegoma: nilivyopungua kilo 21 kwa mpangilio ambao sikuuomba

Dada, swali lako hapa jukwaani nimelisoma mara mbili kwa sababu miaka mitatu iliyopita ningeweza kuliandika mimi. Unasema umepungua kilo 9 kwa miezi mitano, mashavu yamebonyea, sidiria zote zinakupwaya, watu wanakuuliza kama unaumwa, ila mapaja na nyama uzembe za ubavuni ziko palepale. Unataka kujua umekosea wapi, na kama upunguze chakula zaidi ili mapaja nayo yasikie.

Hujakosea. Na chakula usipunguze zaidi. Ningeweza kuishia hapo, lakini mimi jibu la namna hiyo nilipewa na halikunisaidia. Nililisikia, nikaenda kufanya kinyume chake, na nitakueleza kilichonipata.

Nilianza na kilo 91, nikafika 70 baada ya miezi kumi na minne. Cha kwanza kabisa kupungua kilikuwa vidole. Nilikuwa nafua, mikono imezama kwenye povu, nikasikia kitu kimegonga chini ya beseni. Pete. Ile ile ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa haitoki mpaka niipake sabuni na kuizungusha huku nang'ata meno, leo imechomoka yenyewe. Nikaacha nguo majini, nikakimbilia kabatini kutoa suruali ya jinzi niliyokuwa nimeiweka akiba. Ikapanda vizuri, ikafika katikati ya mapaja ikakwama. Nikalala chali kitandani, nikavuta, nikapumua, nikavuta tena, hadi kifungo kikafunga. Niliposimama, kiunoni kulikuwa na nafasi ya kuingiza ngumi, na mapajani mshono ulikuwa umekaza hadi uzi unaonekana. Nilikaa kwenye kingo ya kitanda nikiwa sijui nicheke au nilie.

Kwanza hiyo pete. Haikuwa mafuta, angalau siyo sana. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glikojeni, na kila gramu yake inakaa na takriban gramu 3 za maji. Ukianza kula kidogo, akiba hiyo inatumika na maji yake yanaondoka nayo. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani inashuka kwa kishindo, na ndiyo maana sehemu zinazovimba kwa maji, yaani vidole, vifundo vya miguu na uso, zinaonekana kukonda mapema. Watu wanaopima kasi yao kwa wiki ile ya kwanza hujiumiza bure baadaye.

Halafu kuna suala la kiasi kilichokuwepo. Chota kikombe kimoja kwenye glasi ya maji, glasi imekauka. Chota kikombe hicho hicho kwenye pipa, nani ataona? Usoni mafuta ni kidogo, kwa hiyo yakitoka kidogo tu sura inabadilika. Mapaja ni pipa. Yawezekana umeshatoa mapajani mafuta mengi kuliko uliyotoa usoni, na kioo kisikuambie kitu.

Ila kuna sehemu ambazo kweli ni mabahili, siyo macho yako tu. Seli ya mafuta inasubiri amri kutoka kwa homoni ndipo iachie ilichohifadhi. Adrenalini ikifika, inakuta juu ya seli vipokezi vya aina mbili: vya beta, vinavyosema "fungua", na vya alfa-2, vinavyosema "shikilia". Kwa wanawake wengi, seli za mapaja na makalio zina alfa-2 nyingi ukilinganisha na za tumboni. Amri ni moja, ila mlango mmoja unafunguka haraka na mwingine unabishana kwanza. Mafuta ya chini ndiyo akiba ambayo mwili wa mwanamke unaitunza kwa ajili ya ujauzito na kunyonyesha, na hauitoi kwa sababu tu umenunua suruali. Baada ya hedhi kukoma, mpangilio unabadilika na mafuta yanaanza kuelekea zaidi tumboni. Wanaume nao wana pipa lao, kwa wengi ni ile sehemu ya chini ya kitovu, kwa hiyo wanaokucheka waambie zamu yao inakuja.

Nasaba nayo ina mkono wake. Mimi na mdogo wangu ni tumbo moja, lakini yeye kamrithi shangazi: miguu myembamba, tumbo mbele. Alipopungua, miguu ilizidi kuwa vijiti na kitambi kikabaki mpaka dakika za mwisho. Aliyatamani matokeo yangu, na mimi yake. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kanada ambamo jozi 12 za vijana mapacha wa kufanana walilishwa kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao, siku sita kwa wiki, kwa siku 100. Kuna aliyeongezeka kilo 4 na kuna aliyeongezeka 13, ila mapacha wa jozi moja walielekea kunenepa kwa kiasi kinachofanana na mahali panapofanana. Walikuwa wananenepa, siyo kukonda, lakini kama ramani ya kuweka mafuta imechorwa kwenye damu, mimi nimeacha kugombana nayo.

Sasa kosa langu. Mwezi wa tano nilikuwa nimepungua kilo 9 kama wewe, niko 82. Daftari langu la vipimo lilisema: kiuno kimepungua sentimita 9, chini ya matiti 6, hipsi 4, paja la kulia moja na nusu. Moja na nusu! Nikaliona paja limenidharau. Nikaamua kulikomesha: kwa wiki tano nikala kama ndege, nikatembea saa mbili kila siku na tumbo tupu. Nilipungua kilo 5 nyingine. Unajua paja lilipungua kiasi gani? Nusu sentimita. Zilizobaki zilitoka shingoni, kifuani, mikononi, na bila shaka sehemu nzuri yake ilikuwa misuli, kwa sababu hata ndoo ya maji niliyokuwa nainyanyua kwa mkono mmoja ilianza kunishinda. Usoni nilipata ile sura ya mtu aliyetoka wodini. Kazini mwenzangu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko salama.

Na halikuishia hapo. Miezi miwili hivi baada ya kuacha mateso yale, nywele zilianza kutoka. Nachana, kitana kimejaa. Naoga, zimeziba tundu la maji. Daktari aliniambia ni kawaida mwili ukishtuliwa kwa njaa: nywele nyingi zinaingia kwenye mapumziko kwa pamoja, halafu zinadondoka miezi miwili mitatu baadaye, mtu akiwa ameshasahau sababu. Ziliota tena. Akaniambia pia kupungua kwa kasi sana kunaweza kuleta mawe kwenye kibofu cha nyongo. Hilo sikulipata, namshukuru Mungu.

Nikarudi kula kibinadamu. Kilo 2 zikarudi, nikawa 79, na nyingi naona zilirudi usoni, maana maswali ya "unaumwa?" yalikoma. Kuanzia hapo nikapungua polepole, kilo 9 kwa miezi kama saba, nikila protini ya kutosha kila mlo na kufanya mazoezi ya uzito mara tatu kwa wiki: kuchuchumaa na kusimama, kuinua kutoka chini, kusukuma. Ni katika kipindi hicho cha mwisho, nilipokuwa nimeshaacha kuyakodolea macho, ndipo mapaja yalipokubali. Kutoka 66 hadi 60. Sentimita sita kwa kilo 9, wakati kilo 9 za mwanzo zilinipa moja na nusu. Juu hakukuwa na cha maana cha kutoa tena, ikabidi mwili uingie stoo.

Kwa hiyo wewe uko mahali nilipokuwa mimi kabla ya kuharibu. Kasi yako, kilo 9 kwa miezi mitano, ni nzuri. Usiiguse.

Mdau mmoja hapo juu amekushauri ujifunge nailoni mapajani wakati wa mazoezi. Yatakayotoka ni jasho, na utayarudisha na glasi mbili za maji. Mwingine kakuambia ufanye mazoezi ya miguu mia kila usiku "kuchoma mafuta ya hapo". Fanya mazoezi ya miguu, ni mazuri, ila siyo kwa sababu hiyo. Mwaka 1984 kuna wanaume waliofanyishwa mazoezi ya kukunja tumbo, jumla mara 5,004 katika siku 27, kisha seli zao za mafuta zikapimwa tumboni, mgongoni na kwenye makalio. Zilikuwa zimesinyaa kwa kiasi kinachofanana kote, tumbo halikupata upendeleo. Msuli unaofanya kazi hauchoti kwa jirani yake tu. Mafuta yanaingia kwenye damu kutoka kote na yanatumika popote. Na yanatoka mwilini kwa njia ambayo iliniacha mdomo wazi nilipoisoma: sehemu kubwa kwa pumzi. Katika kilo 10 za mafuta, kama kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya kaboni dayoksaidi na 1.6 kama maji.

Kuhusu kupima. Achana na kioo, na mizani ipe nusu ya heshima unayoipa sasa. Nunua tepu ya fundi cherehani. Kiuno pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida, bila kuvuta tumbo ndani (nakujua). Paja weka alama sentimita 15 juu ya pia ya goti, upime hapo hapo kila mara. Ukipanda vidole viwili tu namba inabadilika na utajidanganya au utajikatisha tamaa. Pima kila baada ya wiki nne na siku ile ile ya mzunguko wako. Mimi tumbo liliwahi kuongezeka sentimita 2 siku tatu kabla ya hedhi, nikalia, baada ya wiki zikawa hazipo. Ukianza mazoezi ya uzito, paja linaweza kubaki namba ile ile kwa muda kwa sababu msuli unajaa huku mafuta yanapungua. Libonyeze, kama limekuwa gumu kuliko zamani, kuna kinachoendelea.

Na kuna mafuta ambayo huyaoni kabisa, yale yanayozunguka utumbo na ini. Hayo huwa miongoni mwa ya kwanza kuondoka, na ndiyo yanayohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo. Mtu anaweza kuhangaika miezi miwili na nyama ya kushika mkononi haijapungua, ila suruali inashuka kiunoni. Mimi presha ilishuka kabla hata jirani hajagundua nimepungua.

Matiti, uliuliza kwa aibu, usiwe na aibu. Sehemu kubwa yake ni mafuta, yanapungua na mengine, na hakuna zoezi la kuyarudisha. Zoezi la kifua linajenga msuli ulio chini yake, basi. Nunua sidiria mbili za saizi mpya sasa, usisubiri ufike mwisho. Nusu ya ule mwonekano wa "kuisha" ni vikombe vitupu. Ngozi inategemea umri, muda uliokaa na uzito, sigara, jua, na kasi ya kupungua. Yangu ya chini ya mikono bado inapepea nikipunga. Nimeizoea.

Mambo machache yasiyo ya kusubiri jukwaani. Kama miguu yako yote miwili ni minene kuliko sehemu nyingine kwa namna ya kushangaza, inauma ukiibonyeza, inapata michubuko bila sababu, na unene unakoma ghafla kwenye vifundo huku nyayo zikiwa za kawaida, muulize daktari kuhusu lipidema, yaani mafuta kujikusanya miguuni isivyo kawaida. Ni hali inayojulikana tangu 1940, na hao wagonjwa huambiwa miaka nenda rudi kwamba ni walafi. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hospitali siku hiyo hiyo, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Na ukiona unapungua bila kujitahidi, au unakula vizuri na bado unakonda, hilo ni suala lingine kabisa.

Tofauti ndogo ya kulia na kushoto isikusumbue. Uliandika paja moja limezidi jingine kwa sentimita moja ukauliza kama ni kawaida. La kwangu la kulia lilizidi kwa sentimita moja nilipokuwa na kilo 91. Nimelipima jana usiku kabla ya kukuandikia haya. Bado limezidi kwa moja.