Barua kwa mwanangu: ngozi ya kuandikia na ngozi ya ngoma

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia pamoja na kipande cha ngozi ya mbuzi ulichokitengeneza. Unauliza kwa nini kimekuwa kigumu na kinapenyeza mwanga kama pembe, ilhali ulikusudia kupata ukurasa mweupe kama ule uliouona Ethiopia. Na unauliza kama chokaa ni lazima. Umeniuliza mimi kwa kuwa nimewamba ngoma maisha yangu yote, na kwa kweli kazi hizi mbili zimepakana, ila mpaka wake ndio uliokukwaza.

Ngozi ya viatu hutiwa magome ya mikoko au dawa nyingine inayoibadilisha, ndiyo maana hata ikilowa haiozi upesi. Ngozi ya ngoma na ngozi ya kuandikia hazitiwi dawa hiyo. Zote mbili ni ngozi mbichi iliyokaushwa, na zote zikilowa hulegea tena. Kinachozitenganisha ni namna ya kuzivuta na kuzikwangua wakati zinakauka. Ndani ya ngozi mna nyuzi za kolajeni, ile protini inayoipa ngozi nguvu, zilizosukana kila upande, na kati yake mna utelezi unaoganda mithili ya gundi. Ngozi ikikauka huku imelegea, nyuzi hizo hushikamana zikawa kitu kimoja, na hapo ndipo hupatikana ule ugumu wa pembe. Bali ikivutwa ingali mbichi, ikaendelea kuvutwa kadiri inavyokauka, nyuzi hulala tabaka juu ya tabaka na hewa ikabaki katikati yake. Hewa hiyo ndiyo inayoifanya ionekane nyeupe. Kwa kukitazama kipande chako, naona uliikaza ngozi mara moja, kama tunavyofanya sisi wa ngoma, kisha ukaiacha juani. Ngoma hustahimili hayo. Ukurasa hautaki: kila ngozi inapolegea, vigingi vya fremu vizungushwe tena, na kivuli chenye upepo ni bora kuliko jua.

Tena umeitoboa ukingoni, na matundu yamechanika. Mafundi wa zamani wa Ulaya walikuwa na njia nzuri kuliko hiyo: waliweka kijiwe laini kwenye ukingo wa ngozi, wakaukunja ukingo juu yake, wakaifunga kamba kwenye shingo ya kile kifundo, na upande wa pili wa kamba wakauzungusha kwenye kigingi. Kijiwe hushika bila kutoboa, kwa hiyo unaweza kuvuta kwa nguvu unayotaka.

Kukwangua ndiko kutakakokuchukua muda mrefu kujifunza. Tumia kisu kilichopinda kama mwezi mwandamo, kwa sababu kisu kilichonyooka kina pembe, na pembe hiyo huingia katika ngozi iliyokazwa kabla mkono haujatambua. Kwangua upande wa nyama ingali na unyevu, uondoe utando wote na mafuta, maana penye mafuta wino hautashika. Kisha ikikauka ikwangue tena mpaka unene uwe sawa, ukimalizia kwa kusugua na lile jiwe jepesi la volkano lenye vitundu. Sikiliza pia sauti ya kisu: penye unene na penye wembamba hailii namna moja, na sikio lako lilizoea ngoma tangu utotoni.

Ama chokaa, si lazima. Ethiopia mafundi huiloweka ngozi ya mbuzi katika maji matupu, huiwamba, hukwangua upande wa nyama, na manyoya huyanyoa kwa kisu ngozi ikiwa imekazwa. Injili za Garima, vitabu vya kale vya Kikristo vilivyoandikwa juu ya ngozi, zilizotunzwa katika monasteri karibu na Adwa, zimepimwa kwa kaboni na kukadiriwa kuwa za kati ya mwaka 330 na 650, na ngozi yake bado inafunuliwa. Ulaya walipendelea chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji ikapoa, kwa sababu hulegeza mizizi ya manyoya, hupunguza mafuta na kuzifungua nyuzi. Lakini ikizidi muda, hula nguvu ya ngozi yenyewe, na katika joto letu muda huo huwadia upesi. Kwa mwanafunzi mimi naona maji yanatosha. Ukitaka kujaribu chokaa baadaye, vaa glavu, na isiwe chokaa ambayo haijazimwa.

Mwalimu wa kazi hii usimtafute pwani kwetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi hodari wa ngozi na wa misahafu, lakini misahafu yao iliandikwa juu ya karatasi iliyoletwa kwa vyombo kutoka ng'ambo. Rudi Ethiopia kwa yule fundi uliyemtaja, umwombe akuache ukwangue huku yeye akikutazama.

Kabla ya safari, zoea machinjioni. Alama ndogo ya kisu cha mchunaji, ambayo kwenye ngozi mbichi huioni, hufunguka ikawa tundu la mviringo mara tu unapoikaza. Chagua mbuzi aliyekonda kidogo, asiye na makovu ya kupe, mwombe mchunaji aivute ngozi kwa ngumi badala ya kuikata, na kama hutaianza siku hiyohiyo, itie chumvi upande wa nyama.

Wasalaam,
Baba yako