Amiga 500: kupata programu za bure bila disketi zinazokataa

Ndugu yangu wa Shangani, nimekuelewa: umerithi Amiga 500, ile kompyuta ya zamani ya Commodore, yenye Kickstart 1.3 (programu ya kuwashia iliyo kwenye chipu ya ROM), umepakua faili za Aminet, hazina ya mtandaoni ya programu za Amiga, lakini floppy ya USB ya laptop haiandiki ADF, yaani faili yenye nakala nzima ya disketi ya Amiga. Haitaandika kamwe. Amiga huweka sekta (vipande vya data) 11 kwa kila traki (duara moja la disketi), na kidhibiti cha floppy ya USB kinajua mpangilio wa PC tu.

Weka Gotek (kifaa kinachojifanya floppy lakini husoma flash ya USB) yenye programu ya FlashFloppy badala ya floppy ya ndani, jampa (kile kiunganishi kidogo cha pini) kwenye S0, na flash iliyofomatiwa FAT32. Nakili ADF humo. Faili kamili ni baiti 901,120; pungufu ya hapo, mara nyingi imekatika au bado imebanwa.

Faili za .lha ni mafurushi yaliyobanwa, si disketi. Zifungue kwanza ndani ya FS-UAE, programu inayoiga Amiga, kwenye laptop, uzihamishie kwenye ADF tupu. Kabla ya kupakua soma .readme, faili ya maelezo ya programu: ikiandikwa m68k-amigaos >= 2.0, yaani inataka mfumo wa 2.0 au zaidi, achana nayo, 1.3 haitaiendesha. Hapo ndipo wengi hulaumu mashine bure. Public domain (isiyo na hakimiliki), nakili utakavyo; shareware (ya kujaribu kwanza, kisha kulipia) ina masharti yake, yasome. ROM ya Kickstart, ambayo FS-UAE nayo huitumia, bado ina hakimiliki.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha chini. Kama kuna kadi ya A501 (ya kuongeza kumbukumbu), betri yake huvuja na kula shaba, hasa kwa unyevu wa bahari yetu. Mpe fundi aing'oe. Adapta ya umeme usiifungue mwenyewe, fundi wa elektroniki apime ile volti 5 kwanza. Disketi zenye ukungu usiziingize kabisa.