Futa hiyo kanuni ya Nguvu kwa wahusika wa kike kabla hujagawa karatasi

Mkuu, futa huo mstari leo kwenye kanuni za mchezo wako wa mezani wa kuigiza, ambao kila mchezaji ana mhusika wake mwenye namba za uwezo kama Nguvu na Haiba. Ule unaosema mhusika wa kike apunguziwe Nguvu 2 na aongezewe Haiba 2 "ili mchezo uwe na uhalisia". Maswali yako yote manne nimeyasoma: hiyo kanuni, namna ya kuwaandika wanawake wa kijijini, mchoro wa jalada, na wachezaji wangapi wanatosha meza moja. Ila hilo la kwanza ndilo litakalokuvunjia meza. Kanuni hiyo hiyo niliiweka mimi, ikanifukuzia wachezaji ambao hawakurudi tena. Sitaki kuona mwingine anatumbukia shimo lile lile.

Hesabu kwanza. Kwenye mfumo wa dadu ya pande 20, Nguvu 16 inampa mhusika nyongeza ya 3 kwenye mtupo wa shambulio na kwenye majeraha, na Nguvu 14 inampa 2. Watu wanasema "si moja tu!" Haya, chukua upanga unaojeruhi kwa dadu ya pande 8. Mwenye Nguvu 16 anayehitaji kutupa 11 kwenda juu anampata adui mara 10 kati ya 20, na kila pigo lina wastani wa majeraha 7.5. Mpunguzie hiyo moja: sasa anahitaji 12, anapata mara 9 kati ya 20, na pigo limeshuka hadi 6.5. Zidisha mwenyewe. Ni 3.75 kwa kila raundi dhidi ya 2.93, yaani umemnyang'anya zaidi ya moja ya tano ya makali yake. Adui mwenye uhai 15 aliyekuwa anaanguka raundi ya nne, kwa wastani sasa anamaliza ya tano bado kasimama, na muda wote huo anarudisha mapigo.

Halafu kuna deraya, yaani vazi la chuma la vita. Kwenye Dungeons & Dragons (mchezo mashuhuri wa aina hii) ya 2014, deraya kamili ya bamba inataka Nguvu 15, la sivyo mwendo wa mvaaji unapungua futi 10. Ile 16 yako ikishakuwa 14, mpiganaji wako wa mstari wa mbele anajikokota nyuma ya wenzake. Mchezaji mwenye akili ataona hayo ndani ya dakika tano, kisha anayetaka kupigana ataandika mwanamume. Wanawake watabaki kuwa waganga na wachawi, na wewe utasema ndivyo wachezaji wanavyopenda.

Unasema unamfidia kwa Haiba. Hapo ndipo penye sumu. Haiba kwenye vijitabu vya kwanza vya mchezo huo, vya 1974, ilikuwa kipimo cha uongozi: iliamua mhusika anaweza kuwa na wafuasi wangapi na watamtii kiasi gani. Ukimpa mtu Haiba kwa sababu ni mwanamke, hakuna atakayesoma uongozi hapo. Watasoma sura. Tazama kinachotokea: mlango wa gereza, mlinzi mmoja, wahusika watano. Mhusika wa kike ndiye fundi wa kufuli kuliko wote, zana zake zimo mkobani. Wenzake wanamgeukia: "Wewe mlegeze huyo mlinzi." Mkoba haufunguliwi. Kikao kijacho ni mfanyabiashara, kinachofuata ni mtoto wa mfalme. Mchezaji alikuja kufungua kufuli, sasa kila wiki anaambiwa atabasamu.

Na huyo anayekwambia "ndivyo mchezo ulivyokuwa tangu mwanzo" usimsikilize. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na mtu niliyemheshimu, kwa sauti ya mwalimu, nikayameza. Ni uongo. Vile vijitabu vitatu vya 1974 havina kikomo chochote cha Nguvu kwa mwanamke. Oktoba 1976 jarida la The Dragon, toleo la 3, lilichapa makala iliyompa mpiganaji wa kike dadu ya pande 8 na ya pande 6 kwa ajili ya Nguvu, yaani 14 ndiyo mwisho wake, na Haiba ikageuzwa kuwa Uzuri. Kanuni za AD&D (Advanced Dungeons and Dragons, mfumo uliopanuliwa wa mchezo huo) za 1978 ndizo zilizoweka vikomo rasmi: mwanamume wa kibinadamu 18/00, mwanamke 18/50 (namba baada ya mkwaju ni asilimia, na 00 ni 100). Na sasa sikiliza huo uhalisia wao: mwanamume wa halflingi, kiumbe wa kubuni mwenye kimo cha futi tatu, aliruhusiwa Nguvu 17, wakati mwanamke wa elfi, kiumbe mwingine wa kubuni mwenye kimo karibu na cha mtu, aliishia 16. Vikomo hivyo viliondolewa kwenye toleo la pili la kanuni hizo, mwaka 1989. Mtu anayevirudisha leo anarudisha kitu ambacho wenyewe walikitupa.

Kanuni ninayotumia sasa ni moja: jinsia inaandikwa mwisho, na haigusi namba yoyote.

Kwa wanakijiji ifanye hivi. Andika watu 12. Kila mmoja mpe kazi, kitu anachokitaka wiki hii, na kitu anachokiogopa. Usitumie "yule mama" wala "yule mzee". Kiswahili kinakusaidia hapa, maana "yeye" haina jinsia. Wakishakamilika, tupa dadu ya pande 6 kwa kila mmoja: 1 hadi 3 mwanamke, 4 hadi 6 mwanamume. Kisha majina. Baada ya dadu kutua, usibadili neno hata moja.

Mkono utakuwasha, nakwambia. Nahodha anayetaka kulipa deni la jahazi akitokea kuwa mwanamke, utatamani kumwongezea mume aliyekufa baharini, au ubakaji wa zamani, ili "ieleweke" kwa nini ni nahodha. Hapana. Deni la jahazi linatosha. Kwa mwanamume lingetosha. Mwongozo wa AD&D wa 1979 ulikuwa na jedwali zima la dadu la kuamua aina ya kahaba utakayekutana naye mjini. Mji ukijazwa hivyo, wachezaji hawana mwanamke wa kumuuliza habari za bei ya chuma.

Mchoro: usimwandikie mchoraji "shujaa wa kike" ukaishia hapo. Mwandikie umri, silaha, anachofanya, na bamba la kifua lililotuna mbele na kuwa na mstari ulioinuka katikati, ili ncha ya upanga iteleze pembeni. Bamba lenye matiti mawili linaelekeza ncha katikati ya kifua.

Kama karatasi umeshagawa, rudisha Nguvu 2 leo, kisha pitia kila inapotumika: mtupo wa shambulio, majeraha, mzigo, deraya. Ile Haiba ya ziada usimpokonye mchezaji katikati ya safari. Mwache aihamishie kwenye uwezo wowote anaoutaka.